Wingu limevuja, kosa la nani? Dalili na sababu kwenye mpaka wa mtoa huduma na mteja

Tiketi nyingi (maombi ya msaada) za usalama wa wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia mtandao, huanza kwa sentensi moja: "Tumedukuliwa, na seva ni zenu." Jibu nalo hurudi likiwa limeshaandaliwa: "Miundombinu yetu iko salama, tafadhali kagueni mipangilio yenu." Hapo pande mbili zinaanza kutupiana mpira huku data ikiendelea kutoka. Nimekuwa upande wa wanaotuma tiketi kwa miaka kadhaa, na mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, jibu lile la kuudhi lilikuwa sahihi. Mara chache halikuwa sahihi hata kidogo. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutofautisha hali hizo mbili mapema, kabla saa sita za kwanza hazijapotea bure.

Amazon wanagawa kazi kwa kauli inayojulikana sana: usalama wa wingu lenyewe ni wao, usalama wa ulichoweka ndani ya wingu ni wako. Microsoft na Google wana michoro yao inayosema karibu yaleyale. Kauli hiyo inapendeza kwenye slaidi, ila mambo yanapoharibika usiku haikuambii uanzie wapi. Mimi hujiuliza swali jingine: nani anaweza kubadilisha kitu hiki leo? Kama swichi iko kwenye dashibodi yangu, ni yangu, hata kama sikuwahi kujua ipo. Kama siwezi kuigusa hata nikiwa na ruhusa zote za akaunti, ni ya mtoa huduma. Halafu zipo chache ambazo kila upande unaamini ziko mikononi mwa mwenzake, na hizo ndizo zitakazochukua sehemu kubwa ya maelezo haya.

Kwanza, ulinunua nini?

Usiruke hatua hii. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika mwaka 2011 mgawanyo wa huduma za wingu katika aina tatu, na mpaka wa wajibu unahama kulingana na aina uliyonunua.

Ukikodi seva pepe, mtoa huduma anashughulika na jengo, umeme, mashine, nyaya na programu inayogawa mashine moja kuwa nyingi. Kuanzia mfumo endeshi kwenda juu, kazi ni yako. Ukinunua jukwaa, kwa mfano hifadhidata inayosimamiwa, mfumo endeshi unaingia upande wao, lakini watumiaji wa hifadhidata, ruhusa zao, na milango ya mtandao iliyoachwa wazi vinabaki kwako. Ukinunua programu iliyokamilika, kama barua pepe ya ofisi, unabaki na akaunti, ruhusa za kushirikishana na data yenyewe.

Hayo matatu ya mwisho hayaondoki mikononi mwako katika aina yoyote. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mkurugenzi alisema, "Tulihamia huku ili tusishughulike tena na mambo ya nywila." Alikuwa amenunua huduma ya kuondolewa kazi ya kubadilisha diski.

"Faili zetu zinaonekana na mtu yeyote"

Dalili: mtu wa nje anakutumia kiungo cha faili lako la ndani, au mtambo wa utafutaji umeanza kuonyesha nyaraka zako.

Usianze na dashibodi. Fungua kiungo hicho kwenye kivinjari ambacho hujaingia kwa akaunti yoyote, ikiwezekana kwa mtandao tofauti na wa ofisi. Kama kinafunguka, sababu karibu kila mara ni ruhusa, na ruhusa ni zako. Kama hakifunguki, huenda aliyekutumia ana akaunti ndani ya shirika lako, au ruhusa inategemea anwani ya mtandao. Hilo ni tatizo jingine.

Kisha angalia umri wa hifadhi husika. Tangu Aprili 2023, hifadhi mpya za Amazon S3 (huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili) zinazaliwa zikiwa zimefungwa kwa umma. Zilizoundwa kabla ya hapo zilibaki kama mwenyewe alivyoziacha. Nimeona timu ikisoma habari za mabadiliko hayo na kupumua, kumbe hifadhi yao yenye nyaraka nyeti ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Ipo swichi ya kufunga ufikiaji wa umma kwa akaunti nzima. Iwashe, kisha toa ruhusa moja moja kwa zile chache zinazohitaji kweli kuonekana.

Kwa programu za ofisi, sababu huwa ni viungo vya kushirikishana vya aina ya "yeyote mwenye kiungo". Vimetumwa kwenye barua pepe, barua pepe ikasambazwa, na hakuna anayekumbuka. Toa orodha yake kupitia dashibodi ya msimamizi na viwekee tarehe ya kuisha.

Kuna kisa ambacho mpaka haukuwa safi hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya UpGuard walitangaza kuwa rekodi milioni 38 zilikuwa wazi kupitia kurasa zilizojengwa kwa Microsoft Power Apps, jukwaa la kujenga programu. Mfumo haukuvunjwa. Mpangilio wa awali uliruhusu majedwali kusomwa na yeyote mpaka mjenzi aufunge, na wajenzi wengi hawakujua. Mwanzoni Microsoft walisema mfumo unafanya kazi kama ulivyobuniwa. Baadaye waliugeuza mpangilio wenyewe. Kwa kipimo changu cha swichi, kosa ni la mteja. Lakini kipimo hicho kina upungufu, maana aliyeamua swichi izaliwe ikiwa wazi hakuwa mteja.

Hapo ndipo huja swali ambalo limeniudhi kwa miaka: "Mbona data ilikuwa imesimbwa?" yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo. Ndiyo, ilikuwa. Tangu tarehe 5 Januari 2023, kila faili jipya linaloingia S3 husimbwa lenyewe. Usimbaji huo unakulinda dhidi ya mtu anayeondoka na diski chini ya kwapa. Mtu anayeomba faili kwa njia ya kawaida, na ambaye ruhusa zako zinamkubali, hufunguliwa na kupewa likiwa wazi, kwa sababu huduma inamwona kama mgeni halali. Ukitaka usimbaji uwe kizuizi cha pili, lazima ufunguo uwe na ruhusa zake tofauti na ruhusa za faili, na watu wanaoshika hizo mbili wasiwe walewale.

"Bili imepanda na kuna seva tusizozijua"

Huu ni ufunguo uliovuja. Sijawahi kukuta sababu nyingine, ingawa nimesikia watu wakiapa kuwa mtoa huduma amekosea hesabu. Mtu ameukuta ufunguo wa API (siri ambayo programu huitumia kuingia kwenye huduma) ndani ya msimbo uliowekwa hadharani, ndani ya programu ya simu, au kwenye kompyuta ya mfanyakazi iliyoambukizwa, na sasa anachimba sarafu za kidijitali kwa gharama yako.

Mpangilio wa hatua una maana hapa. Zima ufunguo, usiufute. Ukiufuta mapema unajinyima uzi wa kufuatilia. Kumbuka pia kwamba kuzima ufunguo hakuzimi vibali vya muda vilivyokwisha kutolewa kupitia ufunguo huo. Vinaweza kuendelea kufanya kazi mpaka muda wake uishe, kwa hiyo mwekee mtumiaji huyo sera ya kumkatalia kila kitu. Halafu tafuta watumiaji wapya, majukumu mapya (vitambulisho vya ruhusa ambavyo mtu au seva huvitumia) na funguo mpya zilizoundwa tangu siku ya kwanza ya shaka. Mwizi mwenye uzoefu hutengeneza mlango wa nyuma kabla hajawasha mashine ya kwanza.

Na pitia kanda zote, yaani maeneo mbalimbali yenye vituo vya mtoa huduma. Sisi tuliwahi kutumia saa tatu tukikagua kanda moja, ile tunayoitumia kila siku, tukashangaa hatuoni kitu. Mashine zilikuwa kwenye kanda ambazo hatukuwahi kuzifungua tangu akaunti iundwe. Tangu siku hiyo tunafunga kanda tusizozihitaji kwa sera ya shirika.

Kuondoa ufunguo kwenye msimbo na kuhifadhi upya hakusaidii, kwa sababu Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inakumbuka historia yote. Ufunguo uliowahi kuonekana uhesabiwe umekufa. Kuhusu bili, watoa huduma huwa wanasamehe sehemu au yote kwa mara ya kwanza ukiwaonyesha umesafisha, ila wanafanya hivyo kwa hisani. Mkataba hauwalazimishi.

"Aliingia kwa nywila sahihi"

Logi (rekodi za matukio ya mfumo) zinaonyesha mtumiaji halali, nywila sahihi, jaribio moja tu. Tofauti pekee ni kwamba muda huo mwenye akaunti alikuwa amelala.

Kisa kikubwa cha aina hii ni cha mwaka 2024, kilichowagusa wateja wa Snowflake, kampuni ya hifadhi ya data kwenye wingu. Wateja wapatao 165 waliarifiwa kwamba huenda wameathirika, na kati ya majina yaliyojulikana kwa umma ni Ticketmaster, Santander na AT&T. Uchunguzi wa kampuni ya usalama ya Mandiant haukukuta ushahidi kwamba mfumo wa Snowflake wenyewe ulivunjwa. Nywila ziliibwa na programu hasidi kwenye kompyuta za watu, baadhi zikiwa zimeibwa tangu 2020 na hazikubadilishwa. Akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, na hazikuwa na orodha ya anwani za mtandao zinazoruhusiwa.

Swichi zote hizo zilikuwa kwa mteja. Hata hivyo sikubaliani na waliosema mtoa huduma hahusiki kabisa. Ukiuza hifadhi ya data za mamilioni ya watu na ukaruhusu iingiwe kwa nywila peke yake, umefanya uamuzi wa usalama kwa niaba ya kila mteja asiyesoma nyaraka zako. Snowflake wenyewe baadaye waliufanya uthibitishaji wa hatua mbili kuwa wa lazima kwa watumiaji wa akaunti mpya wanaoingia kwa nywila.

Cha kukagua kwako: akaunti za mashine. Watu hukumbuka kuwawekea wafanyakazi hatua ya pili, wakaisahau ile akaunti ya ripoti iliyoundwa na mshauri wa nje, yenye nywila isiyoisha na ruhusa za kusoma kila jedwali. Anzia hapo.

"Logi zinasema seva yetu yenyewe ndiyo iliyochukua data"

Dalili hii huwachanganya watu kwa sababu haina mgeni. Jukumu lililotumika ni la seva yako, na faili zimesomwa kwa ruhusa ulizotoa.

Seva nyingi za wingu zina anwani ya ndani, 169.254.169.254, ambako seva huuliza habari zake yenyewe, zikiwemo vibali vyake vya muda. Mtu akifaulu kuidanganya programu yako itume ombi kwenye anwani hiyo kwa niaba yake, anapewa vibali hivyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa benki ya Capital One mwaka 2019: ngome ya wavuti (programu ya kuchuja maombi yanayoingia) iliyosanidiwa vibaya, ombi lililogeuzwa kwenda ndani, na jukumu lililokuwa na ruhusa ya kusoma hifadhi nyingi kuliko ngome ile ilivyohitaji. Watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada waliguswa. Mwaka 2020 msimamizi wa mabenki wa Marekani aliitoza faini ya dola milioni 80, na aliyelipa ni benki.

Novemba 2019 Amazon walitoa toleo la pili la huduma hiyo ya ndani, linalodai tokeni (kibali kifupi cha siri) kabla ya kujibu. Ombi rahisi la kudanganywa halitoshi tena. Lakini toleo la kwanza halikuzimwa kwa mashine zilizokuwapo. Toa orodha ya seva zako na uone ngapi bado zinakubali toleo la kwanza. Kwenye shirika lenye umri wa miaka saba au minane huwa hazikosekani, na nyingi ni zile ambazo hakuna anayethubutu kuziwasha upya.

Ukishamaliza hapo, punguza ruhusa za jukumu. Linganisha kilichoruhusiwa na kilichotumika katika siku 90 zilizopita. Tofauti ikiwa kubwa, hiyo ndiyo data ambayo mwizi anayefuata angeondoka nayo.

"Kikaguzi kimekuta udhaifu kwenye kitu ambacho hatujawahi kusakinisha"

Hapa ndipo mpaka una ukungu mzito kuliko kwingine kote, na ningekushauri upaelewe vizuri kabla haijawa dharura.

Septemba 2021 kampuni ya usalama ya Wiz ilitangaza udhaifu uliopewa jina OMIGOD. Ndani ya seva za Linux kwenye Azure kulikuwa na programu ndogo ya usimamizi iitwayo OMI, iliyosakinishwa kimyakimya pale mteja alipowasha huduma fulani za logi au za usimamizi. Iliendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Katika udhaifu mbaya zaidi kati ya zile zilizotajwa, CVE-2021-38647, ombi lililokosa kabisa sehemu ya uthibitishaji lilipewa mamlaka hayo. Aliyeileta ni mtoa huduma, mashine ilikuwa ya mteja, na wateja wengi walitakiwa kuisasisha wenyewe, ilhali hawakujua hata kama ipo. Mchoro wa kugawana wajibu hauna kisanduku cha jambo hilo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: orodhesha wakala wote (programu ndogo za aina hiyo) wanaoendeshwa ndani ya seva zako, wakiwemo wa mtoa huduma. Kwa kila mmoja tafuta kwenye nyaraka jibu la swali moja tu: je, anajisasisha mwenyewe? Pasipo na maandishi yanayosema ndiyo, chukulia kuwa hapana.

Udhaifu wa vichakato wa Januari 2018, Meltdown na Spectre, ni mfano wa pande zote mbili kufanya kazi kwa wakati mmoja. Watoa huduma waliweka viraka (masasisho ya kuziba udhaifu) kwenye tabaka la chini ili mteja mmoja asisome kumbukumbu ya mwingine. Hilo halikuzuia programu moja kusoma kumbukumbu ya nyingine ndani ya seva yako mwenyewe, na kwa hilo ulihitaji kusasisha mfumo endeshi wako. Watu wengi walisoma tangazo la mtoa huduma kuwa kazi imekamilika, wakafunga ukurasa.

Huduma zinazosimamiwa nazo zina mitego yake. Hifadhidata inayosimamiwa huwekewa viraka na mtoa huduma, ndiyo, lakini katika dirisha la matengenezo ulilochagua wewe, na mara nyingi una uwezo wa kuahirisha. Ukiona toleo la zamani, angalia kwanza kama mwenzako aliahirisha mwaka jana "mpaka baada ya kufunga hesabu." Kubernetes inayosimamiwa (mfumo wa kuendesha kontena, yaani vifurushi vya programu, kwenye mashine nyingi) ni hivyohivyo: ubongo wa mfumo ni wao, ila mashine zinazobeba kazi zako mara nyingi ni zako, na picha za kontena ni zako daima. Pale Amazon, toleo moja la Kubernetes lina miezi 14 ya msaada wa kawaida, kisha miezi 12 mingine ya kulipia zaidi. Nimeona bili iliyopanda kwa sababu hiyo ikichunguzwa kwa siku mbili kama udukuzi.

"Data imefutika, na mtoa huduma anasema hawezi kuirudisha"

S3 imebuniwa kwa uimara wa asilimia 99.999999999, yaani tarakimu 9 ikijirudia mara kumi na moja. Watu huisoma namba hiyo wakadhani ni chelezo (nakala ya akiba). Inahusu diski kufa. Haihusu wewe kufuta, programu yako kufuta, wala mwizi mwenye ufunguo wako kufuta. Amri halali ikija, mfumo hufuta kwa uaminifu uleule.

Tafuta sababu kwa kuuliza nani alitoa amri.

Kama ni mtumiaji wako, angalia muda wa pipa la taka. SharePoint huhifadhi vilivyofutwa kwa siku 93. OneDrive ya mfanyakazi ambaye akaunti yake imefutwa hubaki siku 30 usipobadilisha mpangilio. Maombi mengi ya kurejesha huja katika mwezi wa tatu tangu mtu aondoke kazini, mrithi wake anapoanza kutafuta mafaili.

Kama ni mwizi, basi swali ni kama chelezo zako ziko nje ya ufikiaji wa ufunguo aliouiba. Juni 2014 kampuni ya Code Spaces ilipoteza karibu kila kitu ndani ya saa chache: mdukuzi aliingia kwenye dashibodi yao ya Amazon, na walipoanza kubadilisha nywila, alitumia akaunti za akiba alizokuwa amejiundia kufuta seva, hifadhi na chelezo. Kampuni ilifungwa. Chelezo zilikuwepo, ila zilikuwa chini ya dashibodi ileile. Mbinu mpya zaidi, iliyoelezwa Januari 2025, haifuti hata kidogo: mwizi husimba faili zako upya ndani ya S3 kwa ufunguo wake mwenyewe, akitumia kipengele halali cha huduma, kisha anadai malipo.

Kama ni mtoa huduma mwenyewe, na hutokea, ujue mkataba wa viwango vya huduma kwa kawaida unakupa punguzo la bili. Haukupi data. Kituo cha OVHcloud mjini Strasbourg kiliungua tarehe 10 Machi 2021, na waliokuwa na nakala moja ndani ya jengo lililoteketea waliipoteza. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulifutiwa mazingira yake ya wingu la faragha kwenye Google Cloud kwa sababu ya kosa la usanidi lililofanywa na Google. Kwa mujibu wa taarifa ya pamoja ya UniSuper na Google, nakala za eneo la pili nazo zilifutika, kwa kuwa zilikuwa chini ya usajili uleule. Walirudi hewani baada ya zaidi ya wiki moja, wakisaidiwa na chelezo nyingine, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma tofauti.

Kutokana na visa hivyo nimejiwekea kipimo cha chelezo: je, kuna jina moja la mtumiaji, ufunguo mmoja au usajili mmoja ambao ukienda, nakala zote zinaenda? Jibu likiwa ndiyo, una nakala moja tu.

"Tawi la tovuti yetu linaonyesha kamari"

Mlifuta huduma ya wingu lakini mkaacha rekodi ya DNS (mfumo unaoelekeza majina ya tovuti) ikielekeza kwenye jina lake la zamani. Mtu mwingine amelisajili jina hilo kwa akaunti yake. Mtoa huduma hakukosea, alimpa mteja mpya jina lililokuwa huru. Futa rekodi, kisha pitia nyingine zote. Kuanzia hapo, futa rekodi ya DNS kabla ya kufuta huduma.

"Mkaguzi amekataa cheti cha mtoa huduma"

Ni haki yake. Ripoti ya SOC 2 (ripoti ya wakaguzi kuhusu udhibiti wa usalama) ya mtoa huduma huwa na sehemu inayoorodhesha udhibiti ambao mteja anatarajiwa kuufanya mwenyewe, na ndiyo sehemu ambayo watu hawaisomi. Nenda huko moja kwa moja, nakili kila kipengele, andika mbele yake jina la mtu wenu anayekishika. Kama mnapokea malipo ya kadi, PCI DSS, kiwango cha usalama wa data za kadi, inadai mwe na maandishi yanayoonyesha matakwa yapi yanashikwa na mtoa huduma, yapi na ninyi, na yapi na wote wawili. Hakikisha pia huduma mnayoitumia na kanda yake zimo kwenye ripoti. Huduma mpya kabisa mara nyingi bado hazimo.

"Tumekagua kote na kosa si letu"

Inawezekana. Mwaka 2023 kundi la wadukuzi lililopewa jina Storm-0558 lilitumia ufunguo wa kutia saini wa Microsoft, ulioundwa mwaka 2016, kutengeneza tokeni za kuingia kwenye barua pepe za taasisi zaidi ya 20, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Hakuna mteja ambaye angeweza kuzuia hilo kwa mpangilio wowote. Bodi ya mapitio ya serikali ya Marekani ilisema mwaka 2024 kwamba tukio hilo lingeweza kuepukwa, na lawama ikaziweka kwa Microsoft.

Lakini angalia nani aligundua. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliona ufikiaji usio wa kawaida kwa sababu ilikuwa imelipia kiwango cha juu cha logi. Waliokuwa na kiwango cha chini hawakuwa na logi hizo za kutazama. Baada ya malalamiko, Microsoft waliahidi kuzitoa kwa wateja zaidi bila malipo ya ziada. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye wingu daftari nalo lina bei.

Kwa hiyo kabla ya kutuma tiketi ya kulaumu, hakikisha una cha kuonyesha. Historia ya matukio ya usimamizi ya Amazon hukaa siku 90 tu usipoipeleka mahali pengine, na usomaji wa faili mojamoja ndani ya S3 hauandikwi kabisa mpaka uwashe. Udukuzi ukigunduliwa katika mwezi wa nne tangu utokee na hukuandaa chochote, mtoa huduma hana sababu ya kukuamini, na wewe huna njia ya kujua.

Tiketi yenyewe iwe fupi: namba ya akaunti, kitambulisho cha rasilimali, kanda, muda kwa saa za UTC, mistari ya logi inayohusika, na ulichokwisha kukiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Maliza kwa swali ambalo wao tu ndio wanaweza kulijibu, kwa mfano: "Je, tokeni hii ilitolewa na mfumo wenu, na kwa ombi la nani?" Swali la namna hiyo hupita haraka ngazi ya kwanza ya kitengo cha msaada. Ukiandika "tumedukuliwa" peke yake, utarudishiwa kiungo cha nyaraka.

Na kabla ya yote hayo, angalia barua pepe ya mawasiliano ya usalama iliyosajiliwa kwenye akaunti yako. Safari moja tuliandika tiketi kali tukiuliza kwa nini hatukuonywa. Tulionywa, mara tatu. Barua zilikuwa zimekaa siku kumi na moja kwenye sanduku la mwenzetu aliyeacha kazi, na akaunti yake tulikuwa tumeifunga sisi wenyewe.